Tope la majitaka lina asidi za thamani. Kazi ni kuzitenga na maji

Mtambo wa kusafisha majitaka hauteketezi uchafu wote. Sehemu kubwa huuhamisha tu. Kilichokuwa kimeyeyuka katika maji ya chooni, jikoni na bafuni huliwa na bakteria, bakteria huzaana, kisha hutuama chini ya tangi na kuwa tope la rangi ya kahawia. Maji ya juu yanaweza kurudishwa mtoni. Tope linabaki mikononi mwa mwenye mtambo, naye lazima alipie kulikamua, kulisafirisha, kulichoma au kulizika. Kwenye mitambo mikubwa ya Ulaya shughuli za tope zinaweza kula hadi nusu ya gharama za uendeshaji, ilhali tope lenyewe kabla ya kukamuliwa ni maji kwa asilimia 97 hadi 99.

Mbinu hii ilitangazwa mwaka 1914 na Edward Ardern na William Lockett, waliokuwa wakishughulikia majitaka ya jiji la Manchester, Uingereza. Walipuliza hewa ndani ya majitaka, wakayaacha yatuame, wakamwaga maji ya juu na kulibakiza tope, halafu wakatia majitaka mapya juu yake. Kila waliporudia, usafishaji ulikwenda kasi zaidi kwa kuwa bakteria wa kazi walikuwa wameshakusanyika. Miji mingi duniani inatumia mbinu hiyo hadi leo, na ndiyo maana miji mingi duniani inahangaika na tope.

Jibu la zamani ni kulifungia tope kwenye tangi lisilo na hewa mpaka litoe bayogesi. Ni jibu zuri, sina ugomvi nalo. Ila kabla ya kufika kwenye gesi, bakteria hutengeneza kitu kingine: asidi fupi za mafuta, yaani asidi ya siki na ndugu zake propioniki, butiriki na valeriki. Viwanda hununua asidi za aina hii kwa maelfu ya tani, na nyingi kati yake leo zinatokana na mafuta ya petroli na gesi asilia. Kwa miongo kadhaa sasa wahandisi wanajiuliza kama inawezekana kuwakatisha bakteria njiani na kuchukua asidi badala ya gesi. Kuwakatisha kunawezekana, tena si kugumu kama inavyodhaniwa. Kuipata asidi ikiwa safi ndiko kwenye kazi, na hapo ndipo miradi mingi yenye matangazo makubwa imekwama.

Hatua nne, na hidrojeni katikati

Mgema wa mnazi anaujua mpangilio huu bila kusomea kemia. Tembo la asubuhi ni tamu, likifika jioni limekolea, likisahauliwa siku kadhaa linakuwa siki. Sukari, pombe, siki: kila hatua ina viumbe wake, na kila hatua ina mnunuzi wake. Tofauti ni kwamba tembo huwa siki kwa msaada wa hewa, na tope husafiri bila hewa kabisa, kwa hiyo mwisho wake ni gesi.

Hatua ya kwanza ni kuvunjavunja. Bakteria hawezi kumeza kipande cha karatasi ya chooni wala tone la mafuta ya kukaangia. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vikakatakata protini kuwa asidi amino, wanga kuwa sukari, na mafuta kuwa gliseroli na asidi ndefu za mafuta. Mara nyingi hatua hii ndiyo inayochelewesha kila kitu. Hapa pia ndipo panapojulikana kuwa tope si moja. Lile la awali, linalotuama kabla majitaka hayajapulizwa hewa, ni kinyesi, mabaki ya chakula, mafuta na nyuzi za karatasi; huchacha lenyewe ukiliacha. La pili, la kina Ardern na Lockett, ni miili ya bakteria iliyogandamana kwa utelezi, kila mmoja akiwa na ukuta wake. Ukuta huo uliumbwa ili usivunjike, na hauvunjiki kirahisi.

Katika hatua ya pili bakteria wa uchachuaji huchukua sukari na asidi amino na kutoa asidi fupi, hidrojeni na hewa ya kaboni. Katika hatua ya tatu kundi lingine huchukua propioniki na butiriki na kuzigeuza kuwa asidi ya siki na hidrojeni zaidi. Hatua ya nne ni ya arkea, viumbe wa ukoo tofauti na bakteria, ambao hugeuza asidi ya siki au hidrojeni kuwa methani, gesi kuu ndani ya bayogesi.

Hatua ya tatu ina ajabu yake, na mtu akiielewa ameelewa karibu mchezo wote. Kugeuza propioniki kuwa asidi ya siki hakumpi bakteria nguvu yoyote kama hidrojeni imejaa pembeni. Hesabu ya nishati inakataa. Inakubali pale tu hidrojeni inapokuwa karibu na sifuri. Kwa hiyo bakteria wa hatua ya tatu huishi wakiwa wamebanana na arkea wanaokula hidrojeni, na hidrojeni hupokewa mara tu inapotoka. Ukiwaondoa arkea, hidrojeni hujaa, hatua ya tatu hukwama, na propioniki na butiriki huanza kulundikana nyuma yake.

Kwa fundi wa bayogesi hali hiyo ni ugonjwa. Tangi limechachuka, pH (kipimo cha uchachu, kinachoshuka uchachu ukizidi) imeshuka, gesi imekatika, na simu zinaanza kupigwa usiku. Kwa anayetaka asidi, hayo ndiyo mavuno. Teknolojia yote ya kuvuna asidi kwenye tope imejengwa juu ya kuuzalisha ugonjwa huo kwa makusudi na kuudumisha.

Jinsi ya kuwakatisha

Njia rahisi kuliko zote ni muda. Bakteria wa uchachuaji huongezeka maradufu kwa saa. Arkea wanaokula asidi ya siki huhitaji siku kadhaa. Tope likikaa tangini siku mbili hadi tano kisha likasukumwa nje na jipya likaingia, arkea husombwa kabla hawajazaana vya kutosha. Hakuna kemikali inayonunuliwa, hakuna mashine mpya, ni pampu na saa tu. Tangi la kawaida la bayogesi hulikalisha tope wiki mbili hadi nne, kwa hiyo tangi la asidi linaweza kuwa dogo mara nyingi kuliko hilo. Hasara yake ni kwamba siku chache hazitoshi kuvunja kila kitu, na sehemu kubwa ya tope hutoka bado ngumu.

Njia ya pili ni pH. Watengeneza methani hupenda kuwa karibu na 7. Ukiishusha chini ya 6 wanalegea; ukiipandisha juu ya 9 wanalegea pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai, walifanya kazi nyingi kuonyesha kwamba tope la pili likiwekwa kwenye pH ya kama 10 hutoa asidi nyingi kuliko likiachwa lilivyo. Sababu ni mbili kwa pamoja: mazingira hayo makali huwazuia arkea, na wakati huohuo huyeyusha utelezi na kuta za bakteria, chakula kikapatikana. Ni werevu, lakini una bili yake. Magadi makali ya kiwandani yananunuliwa kila siku, na chumvi yake inabaki ndani ya maji mpaka mwisho wa mtambo.

Ya tatu ni joto. Mwaka 1995 huko Hamar, Norway, ulianza kazi mtambo unaolipika tope kwa mvuke wenye joto la nyuzi 165 hivi chini ya shinikizo, kwa kama nusu saa, kisha kulifungulia ghafla. Kuta za bakteria hupasuka. Mfumo huo ulijengwa kwa ajili ya bayogesi na sasa upo katika nchi nyingi, ila tope lililopikwa namna hiyo ni chakula laini kwa bakteria wa asidi vilevile. Maabara nyingi hutumia pia kemikali inayowazuia arkea moja kwa moja. Hiyo naiacha kando; haina maana kwenye mtambo unaopokea maelfu ya mita za ujazo kwa siku.

Kinachotoka ni supu ya kahawia yenye harufu ya kukumbukwa. Asidi ya siki kila mtu anaijua. Butiriki ndiyo harufu ya siagi iliyooza. Kaproiki, ambayo tutaifikia, inanuka kama beberu. Asidi zote kwa pamoja kwa kawaida ni gramu chache hadi kumi na kitu kwa lita, mara nyingine zaidi tope likikamuliwa vizuri kabla. Humo pia kuna amonia kutokana na protini zilizovunjika, fosforasi iliyoachiwa na bakteria waliokufa, na vipande visivyovunjika. Vipande hivyo bado vinaweza kupelekwa kwenye tangi la bayogesi, kwa hiyo anayechagua asidi halazimiki kuiacha gesi yote.

Hesabu inayovunja mioyo

Kwanza tuone kwa nini mtu aisumbukie asidi. Kilo moja ya asidi ya siki ikiachwa iende mpaka mwisho hutoa kama lita 370 za methani. Ukiichoma ni joto la kama uniti 3.7, ukiipitisha kwenye jenereta ya gesi unabaki na umeme wa kama uniti moja na nusu. Kilo ileile ya asidi, ikiwa safi ndani ya pipa, kiwandani inauzwa kwa pesa zaidi ya umeme huo. Butiriki na kaproiki zina bei ya juu zaidi. Mpaka hapo mwenye mtambo anaanza kutabasamu.

Sasa ageuke aangalie tangi. Asidi ni gramu 10 kwa lita, yaani kilo moja imo ndani ya kilo 99 za maji. Angetaka kuichemsha ili aitenge, maji huchemka kwa nyuzi 100 na asidi ya siki kwa 118. Asidi inabaki chini na maji ndiyo yanayopanda, kwa hiyo ili apate kilo moja ya asidi inabidi ayageuze mvuke maji yote 99. Hiyo ni nishati ya kama uniti 62 za joto, kabla ya kuhesabu upotevu wowote. Joto lote lililomo ndani ya kilo hiyo ya asidi, ukiichoma, ni uniti 4 hivi. Mitambo mizuri hurudisha sehemu ya joto la mvuke na kupunguza bili, lakini pengo la mara kumi na tano haliwezi kuzibwa kwa ufundi mdogo.

Kuna njia nyingine. Kuna utando unaopitisha asidi na kuzuia maji, kuna chujio zinazonasa asidi kwa chaji ya umeme, kuna viyeyusho vya mafuta vinavyoinyonya. Zote zinafanya kazi maabara. Zikikutana na tope halisi, lenye nywele, mchanga na utelezi, utando huziba, chujio hunasa chumvi nyingine pamoja na asidi, na kiyeyusho hutengeneza povu. Ndipo bei nzuri ya kilo ya asidi safi inapoanza kuliwa na gharama ya kuisafisha.

Ukisoma kwa makini kazi zinazofanyika katika uwanja huu, utaona zimegawanyika kutokana na jinsi zinavyolikabili tatizo hilo moja la maji. Wapo wanaobadilisha asidi ili ijitenge yenyewe. Wapo wanaoipa bakteria wengine waibebe. Na wapo wanaoitumia palepale bila kuitoa.

Kurefusha mnyororo

Kundi la kwanza linamtegemea bakteria mmoja mwenye historia ya kupendeza. Katika miaka ya 1930 Mmarekani H. A. Barker alikwenda Delft, Uholanzi, kufanya kazi kwa Albert Jan Kluyver, mmoja wa waasisi wa sayansi ya vijidudu. Alikuwa akifuatilia viumbe wa methani kwenye matope ya mifereji. Ndani ya matope hayo akakuta kitu ambacho hakukitafuta: bakteria aliyekuwa akila pombe na asidi ya siki na kutoa asidi ndefu zaidi. Akamwita Clostridium kluyveri, kwa heshima ya mwenyeji wake.

Kazi ya Clostridium kluyveri ni kuunganisha. Ethanoli ina kaboni mbili, asidi ya siki ina mbili. Akiziunganisha anapata butiriki yenye nne. Akiongeza ethanoli nyingine anapata kaproiki yenye sita, na mara chache kapriliki yenye nane. Sisi wanadamu tunavunja mafuta mwilini kwa kukata kaboni mbili mbili. Yeye hufanya kinyume chake, na kwa kufanya hivyo anapata nguvu za kuishi.

Kaboni hizo za ziada zinabadilisha tabia ya asidi mbele ya maji. Asidi ya siki huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Kaproiki ikiwa katika hali yake ya asidi huyeyuka kama gramu 10 tu kwa lita, na kapriliki haifiki hata gramu moja. Ukishusha pH, ziada huelea juu kama mafuta, ukaichota. Hesabu ya kuchemsha maji inakufa hapo.

Asidi hizi za urefu wa kati zina wateja. Hutumika kwenye lishe ya mifugo kwa kuwa huua bakteria wabaya wa tumbo, kwenye manukato na ladha, na kwenye vilainishi. Chanzo chake cha kawaida kinafahamika sana kwa mtu wa pwani: kapriliki hutolewa kwenye mafuta ya nazi na ya kokwa za mchikichi, ambamo ni asilimia chache tu, na kaproiki imo kwa uchache zaidi. Wanywaji wa Kichina nao wamekuwa wakinufaika na viumbe hawa bila kuwajua. Katika mkoa wa Sichuan, mjini Luzhou, pombe kali ya nafaka huchachushiwa ndani ya mashimo ya udongo ya miaka mingi, na bakteria wa kaproiki waliomo kwenye tope la mashimo hayo ndio chimbuko la harufu yake inayosifiwa.

Shida zake ni tatu. Kwanza, kaproiki ni sumu hata kwa aliyeitengeneza. Ikizidi ndani ya tangi, hasa pH ikiwa chini, Clostridium hulala. Lazima iondolewe mfululizo, na timu ya mtafiti Largus Angenent, iliyokuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kabla yake mwenyewe kuhamia Tübingen, Ujerumani, ilijulikana kwa kuipitisha kwenye utando wenye mafuta ya madini huku tangi likiendelea na kazi. Pili, ethanoli inatoka wapi? Kama inanunuliwa, basi unanunua kitu chenye bei nzuri ili utengeneze kitu chenye bei nzuri zaidi, na faida inakuwa nyembamba kuliko ilivyoonekana kwenye karatasi. Zipo aina nyingine za bakteria wanaotumia asidi ya maziwa badala ya ethanoli, na hiyo hupatikana kwa kuchachusha taka zenyewe. Binafsi naona huko ndiko kwenye matumaini.

Shida ya tatu haihusiani na kemia. Mjini Amsterdam kampuni ya ChainCraft ilijenga mtambo wa kuonyesha mfano bandarini, uliochachusha mabaki ya chakula na kutoa asidi za urefu wa kati kwa ajili ya lishe ya mifugo. Mabaki ya chakula, si tope la majitaka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu lishe ya mifugo inakataza taka zozote zinazotokana na usafishaji wa majitaka kuingia kwenye lishe, hata zikisafishwa namna gani. Molekuli ya kaproiki haina kumbukumbu ya ilikotoka, lakini sheria inayo, na mteja mkubwa kuliko wote anakuwa ameshafungiwa mlango. Anayeandika mradi wa kaproiki kutoka kwenye majitaka bila kusema atamuuzia nani anaruka ukurasa muhimu.

Kuwapa bakteria waibebe

Kundi la pili linasema: kama kuitoa asidi ni kugumu, mpe kiumbe anayeweza kuinyonya akaigeuza kitu kigumu. Mwaka 1926 Maurice Lemoigne wa Institut Pasteur, Paris, alieleza kwamba bakteria fulani hujiwekea akiba mwilini kwa namna ya chembechembe, na chembechembe hizo ni poliesta, yaani plastiki. Leo familia hiyo ya plastiki inaitwa PHA. Bakteria huiweka kama sisi tunavyoweka mafuta, na viumbe wa udongoni na majini wanaweza kuila ikaisha.

Namna ya kuwapata bakteria wazuri wa akiba ni ukatili mdogo: unawalisha asidi kwa muda mfupi, kisha unawakalisha njaa muda mrefu, halafu unarudia. Asiyejua kuweka akiba hufa au hupitwa. Baada ya wiki kadhaa tangi limejaa wenye tabia ya kuhodhi, bila kuhitaji kuua vijidudu wengine kwa joto au kufunga tangi kama hospitali. Hao ukiwamiminia asidi kwa wingi wanaweza kubeba plastiki inayokaribia nusu ya uzito wao mkavu, wakati mwingine na kupita.

Uzuri mwingine, ambao mimi huuona mtamu kuliko yote, ni kwamba mchanganyiko wa asidi unakuwa faida. Mnunuzi wa asidi ya siki hataki propioniki ndani yake. Lakini bakteria wakila asidi ya siki pekee hutengeneza plastiki ngumu inayovunjika kama biskuti. Wakipata na propioniki na valeriki huingiza vipande vya kaboni tano ndani ya mnyororo, na plastiki inalegea na kufinyangika vizuri zaidi. Uchafu wa supu ndio unaoitengeneza bidhaa.

Nchini Uholanzi mradi wa PHARIO ulilijaribu jambo hili mwaka 2015 na 2016 kwa tope la mtambo wa Bath, kusini-magharibi mwa nchi. Tope la kawaida la mtambo unaohudumia watu lilionekana lina uwezo wa kuhodhi plastiki hata bila kufugwa upya. Baadaye bodi za maji kadhaa ziliungana kwa mtambo mkubwa zaidi wa majaribio huko Dordrecht. Plastiki bado lazima itolewe ndani ya seli, kazi inayohitaji kiyeyusho na joto, na bei yake bado ni ya juu mara kadhaa kuliko plastiki ya kawaida. Ila kikwazo cha kuchemsha maji 99 kwa 1 hakipo tena. Bakteria wakishashiba, unawakamua na kuwakausha.

Asidi isiyouzwa

Kundi la tatu ni la zamani na halitangazwi sana, ingawa ndilo lililofanikiwa kuliko mengine.

Mapema miaka ya 1970 mhandisi wa Afrika Kusini James Barnard, akifanya majaribio Pretoria, alikuta mtambo wake mdogo unaondoa fosforasi kwa kiwango ambacho hakikutarajiwa. Ilikuja kueleweka kwamba kuna bakteria ambao, wakiwa sehemu isiyo na hewa, hunyonya asidi fupi za mafuta na kuziweka akiba, wakilipia kazi hiyo kwa kutema fosforasi. Wakifika sehemu yenye hewa huichoma akiba ile na kuimeza fosforasi yote waliyoitema pamoja na nyingine nyingi zaidi. Ukiwatoa bakteria hao kama tope, umetoa fosforasi majini bila kutia kemikali. Mwaka 2011 Barnard alipewa Tuzo ya Maji ya Lee Kuan Yew, Singapore.

Bakteria hao wana sharti moja: lazima wapate asidi fupi za kutosha. Majitaka ya miji mingi hayana. Suluhisho likawa kujenga tangi dogo la kuchachusha tope la awali na kurudisha maji yake yenye asidi kwenye njia ya usafishaji. Mji wa Kelowna, Kanada, ulio kando ya Ziwa Okanagan, ulikuwa miongoni mwa waliotangulia kwa mtindo huu katika miaka ya 1980. Hakuna anayesafisha asidi. Hakuna anayeipima kama ina propioniki nyingi au chache. Hakuna mnunuzi wa kubembeleza wala sheria ya lishe. Asidi inaingia ikiwa ndani ya maji yake, na hilo halimsumbui mtu.

Mitambo mingine hununua methanoli kwa malori ili bakteria wanaoondoa naitrojeni wapate chakula. Asidi ya tope inaweza kuchukua nafasi yake. Ukiniuliza mji uanzie wapi, ningesema hapa: kwanza asidi ijaze pengo la kemikali zinazonunuliwa na mtambo wenyewe, na ikibaki ndipo watu waongelee plastiki.

Upande wetu

Afrika Mashariki ina majitaka mengi na tope tofauti. Nairobi inategemea mabwawa makubwa ya Ruai, na Dar es Salaam ina mabwawa yake, kama yale ya Vingunguti ambako magari ya kunyonya vyoo humwaga. Katika bwawa lenye kina, hatua zote nne hufanyika chini kwa mwendo wake, asidi hugeuka methani, na methani hupanda hewani bure. Hakuna tope linalotoka kila siku la kuchachushwa. Tope la chooni nalo lina hila yake: lililokaa shimoni miaka mitano limeshachachuka na kutoa gesi yake zamani. Anayetarajia kuvuna asidi humo amechelewa miaka minne na zaidi.

Kinyesi kibichi ni habari nyingine. Kampuni ya Sanergy, Nairobi, ilianzisha vyoo vya Fresh Life katika mitaa kama Mukuru, ambavyo vyombo vyake hubadilishwa mara kwa mara, na taka hizo zikalishwa mabuu ya nzi askari mweusi pamoja na mabaki mengine ya chakula. Mafuta ya mabuu hao yana asidi ya loriki kwa wingi, kaboni kumi na mbili, ileile iliyojaa kwenye mafuta ya nazi. Hapo asidi za mafuta zinavunwa kutoka chooni na mdudu anayeonekana kwa macho, ambaye hujitenga na maji kwa kutambaa.

Kuhusu fosforasi, miji iliyo kando ya Ziwa Victoria ina sababu ya kumsikiliza Barnard. Majitaka ya Kampala huishia kwenye ghuba ambayo jiji hilohilo huchota maji ya kunywa, kule Ggaba. Mwani na magugu maji hustawi kwa fosforasi na naitrojeni, na mtambo mpya wa Bugolobi tayari una matangi ya bayogesi, kwa hiyo kuchachusha tope bila hewa si jambo geni kwa mafundi wa pale.

Kwa kaproiki ya kuuza, mimi ningeangalia Tanga kabla ya kuangalia choo chochote. Jani la mkonge hutoa nyuzi kwa asilimia chache tu ya uzito wake. Zaidi ya tisini na tano ni maji na nyama ya kijani inayosukumwa kila siku nje ya korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, ikiwa mbichi, mahali pamoja. Shamba la Hale, Korogwe, lilijengewa matangi ya kugeuza mabaki hayo kuwa bayogesi na umeme mwishoni mwa miaka ya 2000. Yana sukari inayochacha haraka, hayajapita chooni, na kanuni ya Ulaya ya mwaka 2009 inayofunga mlango kwa majitaka haiyagusi. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa cha ajabu: tangi moja pembeni, mabaki yakae siku tatu badala ya wiki tatu, na mtu wa kupima kila asubuhi ni asidi gani imetoka na kwa gramu ngapi.